Breka ya Mwanyumba

Kiwandani walimwita Koleo kwa sababu akishika kitu haachii. Nati iliyoota kutu ikawashinda wengine wote, ukimpa yeye itatoka. Na neno likikuponyoka asubuhi, jioni bado analo, kalibana vilevile. Alikuwa fundi mkuu wa umeme katika kiwanda cha karatasi za maboksi, mtu wa makamo, mikono mipana, na masikio yaliyoweza kusikia mota ikilalamika ng'ambo ya jumba kabla hata haijaanza kunuka.

Mwaka ule alikuwa amemshika mwanyumba wake. Wala hakumshika kwa mikono, alimshika moyoni, na huko ndiko kubaya zaidi.

Mwanyumba huyo, yaani mume wa mdogo wa mke wake, naye alikuwa fundi umeme palepale kiwandani. Wenzake walimpa jina la Tabasamu. Walisema hata akipigwa shoti hucheka kwanza ndipo aruke. Alikuwa mdogo kwa Koleo kwa miaka mingi, mwembamba, mwepesi wa kusalimia watu, na kila alipopita, karani wa mapokezi alijikuta akirekebisha kitambaa chake cha kichwani bila sababu.

Lililomkata Koleo maini ni kwamba yeye ndiye aliyemleta mtu huyu, kazini na nyumbani pia. Yeye ndiye aliyemnong'oneza kwamba nafasi ipo. Yeye ndiye aliyemfundisha kunyoosha nyaya ndani ya paneli zikalala kama nywele zilizochanwa. Na siku moja Koleo aliposahau mkoba wake wa vifaa kazini, Tabasamu akajitolea kuupeleka nyumbani kwake. Akamkuta shemeji yake Koleo kaja kumtembelea dada yake, akakaribishwa chai, na kikombe hicho kimoja alikinywa mpaka jua likazama. Harusi ikafuata. Koleo mwenyewe ndiye aliyefunga taa za sherehe.

Basi kiwanda kikajenga jumba jipya. Mashine zake zilikuwa kubwa kuliko za zamani, na umeme wake ulikuwa tofauti. Jumba la zamani lilitumia volti mia nne, hili jipya lingetumia mia sita tisini, maana volti zikipanda, nguvu ileile hupita kwa mkondo mdogo na nyaya hazihitaji kuwa nene kama mkono. Transfoma mpya ililetwa kwa lori refu lililoziba barabara nzima ya kiwandani. Koleo alisimama akiitazama ikishushwa kwa winchi, akajiambia kimoyomoyo: hii ni yangu. Alikwisha kuanza kujisomea. Alikwisha kumwambia mkewe kwamba sasa watu watajua fundi ni nani.

Meneja wa kiwanda, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka ambaye wote walimwita Bosi, alimwita ofisini siku ya Jumatatu.

"Fundi, kaa. Nimeamua jumba jipya nimpe Tabasamu alisimamie."

Koleo hakukaa. "Tabasamu yupi?"

"Tunaye mwingine?" Bosi akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Sikiliza. Kiwanda cha zamani kila waya unaujua wewe. Nikikutoa huko, nani atanishikia? Wewe ndiye nguzo yangu."

"Sawa, Bosi."

"Hujakasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Ni ndugu yangu."

Akatoka. Koridoni alikutana na Tabasamu mwenyewe, ambaye alikuwa amekwisha kupewa habari, na ambaye alimkumbatia palepale mbele za watu. "Mwanyumba, bila wewe nisingefika hapa. Nitakuwa nakuja kukuuliza kila kitu." Koleo akampigapiga mgongoni, akasema hongera, akashika njia yake.

Jumapili ile walikwenda kwa wakwe, wote wanne. Baba mkwe alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, naye alikuwa mtu wa kusema kila lililomjia kichwani. "Ehee, msimamizi huyo!" alipiga kelele Tabasamu alipoingia. "Mia sita tisini! Mimi nyumbani mia mbili na kitu zinanitetemesha, yeye anacheza na mia sita tisini!" Wote wakacheka. Koleo akacheka pia, kwa shingo upande.

Halafu mama mkwe akaleta pasi.

Pasi hiyo ilikuwa ya Koleo. Si kwamba aliinunua, ila yeye ndiye aliyekuwa akiitengeneza tangu alipooa. Alibadilisha waya wake, akabadilisha kidhibiti joto chake, akaujua udhaifu wake kama unavyoujua udhaifu wa mtoto wako. Mama mkwe aliingia nayo mkononi, akampita Koleo aliyekuwa karibu na mlango, akaenda hadi kwa Tabasamu. "Baba, hebu niangalizie, haipati moto."

Tabasamu akaipokea. Mke wa Koleo akamtazama mumewe. Koleo akawa anahesabu maua ya zulia.

Walipokuwa wakirudi nyumbani mkewe alisema, "Ni pasi tu, baba watoto."

"Nimesema nini?"

"Hujasema. Ndiyo maana nakwambia."

Tangu siku hiyo Koleo akaanza kupita jumba jipya. Hakuwa na kazi huko. Alijifanya anatafuta ngazi, au anakwenda kuangalia bomba la mvuke, au amesikia mlio. Kwa kweli alikuwa akitafuta kosa. Alikuwa akitazama kila kiungo cha waya, kila skrubu, kila paneli, kama mama mkwe anayepitisha kidole juu ya kabati la mwali kutafuta vumbi. Na lililomuuma ni kwamba kazi ilikuwa safi. Nyaya zimelala kama nywele zilizochanwa. Yeye ndiye aliyemfundisha, na sasa mwanafunzi alikuwa akichana vizuri kuliko mwalimu.

Hatimaye akalipata, au alidhani amelipata. Katika paneli moja palikuwa na makopo ya kapasita, yale yanayofungwa ili mota zisivute mkondo wa bure kutoka kwenye laini. Vibati vyake viliandikwa volti mia nane. Koleo akasoma mara mbili. Mia nane! Jumba ni la mia sita tisini! Furaha iliyompata ilikuwa kama ya mtu aliyeokota pete.

Hakumfuata mwanyumba wake pembeni. Alisubiri kikao cha asubuhi, mafundi wote wamesimama na vikombe vyao, Bosi yupo, ndipo akasafisha koo.

"Mimi nina swali dogo. Jumba jipya ni volti ngapi? Maana naona kuna vifaa vya mia nane. Sijui tunajenga kiwanda kingine juu ya hiki na hatukuambiwa."

Watu wakaguna. Bosi akageuka. "Tabasamu?"

Tabasamu akatabasamu, ndiyo, lakini bila kejeli, na hilo ndilo lililomuudhi Koleo zaidi. "Ni kweli, ni mia nane. Kapasita hizo zimefungiwa koili mbele yake, kwa ajili ya kuzuia uchafu wa umeme unaotoka kwenye mashine. Koili ikikaa pale, volti zinazofika kwenye kapasita zinapanda, zinapita mia saba na arobaini. Na mashine zikizimwa zote, laini yenyewe nayo inapanda kidogo. Tungeweka za mia sita tisini zingevimba na kupasuka. Inayotakiwa ni ya juu zaidi." Akamgeukia Koleo. "Mwanyumba ameuliza vizuri. Hata mimi ilinibidi nisome mara tatu."

Bosi akasema, "Basi tumeelewa," akaenda zake. Fundi mmoja wa zamu akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Koleo leo imeteleza," na vicheko vikafuata. Koleo akajikaza kisabuni, akanywa chai yake yote ingali ya moto.

Laiti mwenzake angemzomea! Angekuwa na cha kujibu. Lakini kufunikiwa aibu yako na mtu unayemwonea kijicho ni kama kuvishwa koti lake: linakupa joto, na wakati huohuo linakuwasha mwili mzima.

Siku zikapita. Breka moja, yaani swichi ya kukata umeme kukitokea hitilafu, iliyokuja pamoja na mashine mpya, ilikutwa imepasuka ndani ya boksi lake, labda iliangushwa njiani. Ilikuwa breka ya paneli ya pampu ya maji. Waliouza wakasema nyingine itachukua muda. Bosi akasema hana muda huo, uzinduzi ni Ijumaa. Mtunza stoo, mtu mwema asiyependa kumwangusha yeyote, akaingia kwenye rafu za nyuma, akarudi na breka kuukuu lakini safi, haijawahi kutumika, akaifuta vumbi kwa kiwiko. "Hii hapa, imeandikwa mia sita tisini." Tabasamu akaangalia, akaona mia sita tisini imeandikwa kwa tarakimu nene, akashukuru. Mkewe alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, siku hiyo alikuwa na miadi ya kliniki, na simu ya Tabasamu ilikuwa haiachi kuita. Akaifunga breka mahali pake, akafunga mlango wa paneli, akaondoka mbio.

Jumanne, saa ya chakula, jumba likiwa tupu, Koleo alipita tena. Bado alikuwa na lile koti likimwasha. Akafungua paneli ya pampu, akawasha tochi ndogo, akaanza kusoma.

Kibati cha breka hakina namba moja ya volti. Kina zaidi ya moja, na kila moja ina maana yake. Juu paliandikwa herufi ya U yenye i ndogo mguuni, na mbele yake mia sita tisini. Hizo ni volti ambazo ganda la breka linavumilia bila kuvujisha umeme. Chini yake, kwa maandishi madogo, palikuwa na U nyingine yenye e mguuni, na mbele yake mia nne kumi na tano. Na hizo ndizo volti za kufanyia kazi. Juu ya hapo breka haina ahadi na mtu.

Koleo akazima tochi.

Alijua vizuri maana yake. Breka ile ingewashwa na kuwaka. Pampu ingezunguka, watu wangepiga makofi. Kipimo cha uvujaji wa umeme nacho kingesema safi, kwa sababu ganda lilikuwa zima. Lakini siku nyaya zikigusana, na breka ikatakiwa kukata, cheche itakayoruka ndani yake isingekatika. Mia nne kumi na tano ingeizima, mia sita tisini isingeweza. Ingepasuka, na mlango wa paneli ungeruka nayo. Katika kiwanda alichoanzia kazi, fundi aliyemlea Koleo alisimama mbele ya breka kama hiyo. Alitoka na jicho moja, na mashavu yaliyokuwa yaking'aa kama plastiki mpaka alipostaafu.

Akafunga mlango wa paneli taratibu. Mafundi walikuwa wakirudi kutoka kula. Tabasamu alikuwa katikati yao, akiwachekesha.

"Mwanyumba! Umekuja kutukagua?"

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yameshapangwa. Halafu Koleo akamwona yule fundi wa zamu aliyesema koleo imeteleza, akimwangalia kwa jicho la kungoja kichekesho kingine.

"Natafuta ngazi," akasema.

Jumatano alijiambia kwamba Tabasamu mwenyewe atasoma tena kabla ya kuwasha. Si ndiye anayesoma mara tatu? Si ndiye bingwa wa volti? Alhamisi alijiambia kwamba si kazi yake, yeye ni nguzo ya jumba la zamani, nguzo haitembei. Alijiambia mengi, na kila alilojiambia lilishikilia kwa saa chache tu kisha likaachia.

Alhamisi hiyo jioni shemeji yake, mke wa Tabasamu, alikuja kumwona dada yake. Aliketi kwenye kochi kwa kujishikilia, tumbo mbele, miguu imevimba, akicheka mwenyewe. "Dada, nikikaa hapa mjue kunyanyuka ni mradi." Kisha akamgeukia Koleo. "Shemeji, kesho ndiyo kesho. Mwenzio halali. Amesema kila breka atainyanyua kwa mkono wake mwenyewe, hataki fundi mwingine aguse, kama kuna tatizo limkute yeye. Mwambie basi asihangaike, wewe anakusikiliza."

"Anayajua yote huyo," Koleo akasema. "Hahitaji mimi."

"Mh! Mbona unasema kama umekula ndimu?"

Mke wa Koleo akawa anamtazama mumewe. Alikuwa amemtazama hivyo tangu Jumanne. Mgeni alipoondoka, alikaa karibu naye, akamtolea sahani ambayo hakuigusa.

"Una wivu," akamwambia. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayemwambia mwenzake ana homa.

"Na nani?"

"Usinifanye mtoto. Ungekuwa wivu wa mwanamke ningejua pa kuukamata. Huu wako sijui niufanyeje. Umekonda."

Koleo akainuka akaenda kuoga. Maji yalimtiririkia muda mrefu, na hayakuondoa kitu.

Ijumaa ikafika. Utaratibu ulikuwa hivi: umeme mkubwa, volti elfu kumi na moja, uliingia kiwandani kupitia chumba cha umeme cha zamani, na chumba hicho kilikuwa himaya ya Koleo. Swichi ya kuipelekea transfoma mpya moto ilikuwa humo. Tabasamu angekuwa jumba jipya na watu wake. Akiwa tayari angempigia simu Koleo, Koleo angewasha swichi, kisha Tabasamu angenyanyua breka zake moja baada ya nyingine. Kwa hiyo moto wa kwanza wa jumba jipya ungetoka kwenye mkono wa Koleo. Bosi alilipanga hivyo kwa makusudi mazuri, ili naye aone amehusishwa.

Alisimama mbele ya swichi, peke yake, amevaa glavu nene. Chumba kilinguruma kama kawaida yake. Simu ikaita.

"Mwanyumba!" Sauti ilikuwa imejaa furaha hata ikakwaruza. "Tuko tayari. Tupe moto."

Koleo akaikazia macho swichi.

"Mwanyumba, unanisikia? Tupe moto."

Aliitazama mikono yake ndani ya zile glavu. Kwa siku zote hizo alikuwa akijiambia kwamba amenyamaza tu, na kunyamaza si kufanya kitu. Sasa palikuwa hapana kunyamaza tena. Ilibidi mkono ufanye jambo.

Kila fundi wa kiwanda kile alikuwa na kufuli lake jekundu lenye jina lake. Ukilining'iniza kwenye swichi, swichi hiyo haiwashwi, na hakuna mwenye ruhusa ya kulifungua ila wewe, hata awe Bosi. Koleo akavua glavu, akatoa kufuli lake mfukoni, akalipitisha kwenye tundu la swichi, akalibana. Ufunguo akautia mfuko wa shati. Kisha akatoka. Mwanzoni alitembea. Alipofika kwenye ghala la maboksi alikuwa anakimbia, mtu mzima, kofia ya kazi ikimruka kichwani.

Jumba jipya lilikuwa limejaa. Bosi alikuwa amevaa suti. Simu ilikuwa bado sikioni mwa Tabasamu.

"Kuna nini huko?" Bosi akauliza. "Mbona hakuna moto?"

"Nimefunga kufuli," Koleo akasema akihema. "Haiwashwi."

"Umefunga nini?"

Yule fundi wa zamu akasema, "Labda ameona kapasita nyingine," na wengine wakacheka. Bosi hakucheka. "Koleo, nina wageni hapa. Kama hili ni lile la siku ile, leo tutakosana."

Koleo alikwenda moja kwa moja kwenye paneli ya pampu, akamwita mwanyumba wake kwa mkono aje aifungue. Akampa tochi.

"Soma."

Tabasamu akainama. "Mia sita tisini."

"Soma herufi iliyoitangulia."

Mwanga wa tochi ulishuka kidogo kwenye kibati, ukasimama.

"Mia nne kumi na tano," Tabasamu akasema polepole. "Ile ya juu ni ya ganda. Ya kazi ni mia nne kumi na tano."

"Mnanieleza au mnaongea wenyewe?" Bosi akauliza.

Tabasamu ndiye aliyeeleza. Alisimama wima akamweleza yote mbele ya wageni wake: kwamba breka ile ingewaka na kudanganya watu, kwamba siku ya kwanza ndiyo siku nyaya zilizofungwa vibaya hujitokeza, kwamba ikitokea hitilafu ingemlipukia aliye mbele yake. "Na mbele yake ningekuwa mimi. Kosa ni langu, Bosi. Nilisoma namba sikusoma herufi."

Alisema *kosa ni langu* kama mtu anayesema *nina kiu*. Koleo alimsikiliza, na hapo hapo, katikati ya lile jambo, akaona wivu ukimpanda upya. Yeye sentensi hiyo asingeweza kuitoa hata kwa koleo.

Bosi akavuta pumzi, akawageukia wageni, akawapeleka kunywa chai. Kabla ya kutoka akamshika Koleo begani. "Fundi, hili nitalisema mbele ya watu wote." Mafundi wakatawanyika mmoja mmoja. Yule wa zamu akapita bila kuinua macho.

Wakabaki wawili. Tabasamu alikuwa ameketi juu ya boksi tupu, tochi ingali inawaka mkononi mwake bila kuangaza chochote.

"Mwanyumba," akasema. "Paneli hii leo haikufunguliwa na mtu kabla yetu. Funguo ninazo mimi tangu jana. Uliiona lini?"

Koleo angeweza kusema chochote. Angeweza kusema amekumbuka ghafla, ameota, ameambiwa na mtunza stoo.

"Jumanne."

"Jumanne." Tabasamu akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Koleo aliuona uso ule bila tabasamu, na ulikuwa uso wa mtu mwingine, mtu mzima, aliyechoka. "Leo Ijumaa."

"Najua leo ni siku gani."

Tabasamu akazima tochi, akampa. Akaondoka.

Jumapili walikwenda kwa wakwe. Koleo hakutaka, lakini baba mkwe alikwisha kusikia habari na alimtumia ujumbe wa simu mara nne. Alipokaribia ngazi za baraza akamkuta shemeji yake kaketi nje, anapunga hewa kwa kipande cha boksi.

"Shemeji, karibu. Nilikuwa nakungoja."

"Nimekaribia. Hali yako?"

"Nzima." Aliendelea kujipepea. "Nilitaka kukushukuru. Umeniachia mume, na huyu humu ndani umemwachia baba."

"Shemeji, mimi..."

"Najua. Ameniambia." Akaacha kujipepea. "Mimi peke yangu, dada hajui. Nakushukuru kwa Ijumaa, kwa moyo wangu wote. Ya Jumanne sijakusamehe. Nilikaa kwenye kochi lako Alhamisi, nikakuomba uongee naye. Nikiwaza hapo, tumbo linanikaza. Usiniharakishe."

"Sitakuharakisha."

"Basi nipe mkono ninyanyuke."

Akampa mkono, akamnyanyua, wakaingia.

Ndani baba mkwe alikuwa amesimama kabisa. "Shujaa huyo! Kufuli! Bosi mwenyewe kasimama, wageni wamesimama, yeye kufuli!" Akampa kiti chake mwenyewe. Mama mkwe akamsogezea chai kabla ya wengine. Mambo yote ambayo Koleo aliyatamani kwa miezi yakamwagika mezani kwa siku moja, naye hakuweza kuyatia mdomoni.

"Hebu tusimulie," baba mkwe akasema.

Koleo akainamia kikombe chake, ndipo Tabasamu akasimulia badala yake. Alisimulia vizuri, kama kawaida yake. Herufi ndogo, mbio, kofia ikiruka, Bosi na suti yake. Akamsifu Koleo, wala hakutia chumvi. Jumanne hakuigusa. Aliiruka taratibu, kama mtu anayeruka dimbwi akiwa amembeba mwenzake mgongoni.

Koleo alimtazama akisimulia. Kila mtu alikuwa akimwangalia Koleo kwa mapenzi, na mapenzi yenyewe aliyatengeneza Tabasamu. Jumba jipya alikuwa nalo yeye. Pasi alikuwa nayo yeye. Kukiri kosa mbele ya watu alikuweza yeye. Na sasa hata huruma ingekuwa yake? Hapana. Hili moja Koleo hakuwa tayari kumwachia.

"Niliiona Jumanne," akasema.

Baba mkwe alikuwa bado anacheka. "Uliona nini, baba?"

"Ile breka. Niliiona Jumanne nikanyamaza mpaka Ijumaa. Nilikuwa nataka aanguke. Sikufikiri afe, nilifikiri aaibike tu, lakini nilijua anaweza kufa."

Kikombe cha baba mkwe kikarudi mezani. Mama mkwe alimtazama binti yake mdogo, kisha mkubwa. Mke wa Koleo aliinuka, akaingia jikoni, akafungua maji.

Tabasamu alikuwa akiitazama meza. "Hukuwa na haja ya kusema," akasema kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nayo," Koleo akajibu.

Siku hiyo mkewe alirudi nyumbani akitembea mbele yake hatua nyingi, na juma zima alimpakulia chakula na kuondoka mezani. Baba mkwe hakumtumia ujumbe tena mpaka mtoto alipozaliwa, wa kike, mzima, mwenye sauti ya king'ora. Hata hapo ujumbe ulikuwa wa maneno mawili tu.

Kiwandani breka sahihi ilifika, jumba likawashwa bila wageni wala suti. Kabla ya hapo, Jumatatu asubuhi, Tabasamu aliingia karakana ya Koleo. Hakutabasamu. Hakumwita mwanyumba.

"Fundi," akasema, "nataka tusome vibati vyote vya jumba jipya, kimoja kimoja. Wewe usome, mimi nirudie, halafu mimi nisome, wewe urudie. Sitaki kuwasha kitu ambacho macho yako hayajapita."

Koleo akachukua tochi. Wakaenda pamoja, wakaanzia paneli ya kwanza mlangoni, na kwa siku kadhaa katika jumba lile kubwa hakikusikika kitu ila sauti mbili zikipokezana herufi na namba. Neno *mwanyumba* lilichukua muda mrefu zaidi kurudi. Na Koleo, ambaye kwa desturi yake akishika kitu haachii, alikuwa akimtazama mwenzake akifunga skrubu za paneli kwa vidole vile vyepesi, na kila siku alilazimika kuanza upya kuachia.